Mchawi wa Mezani Aitwaye Kalunde

Meza iliwaka yenyewe, ikapiga mluzi mwembamba, na juu ya kioo chake wakasimama watu wa nuru, kila mmoja kimo cha kidole gumba. Kulikuwa na askari mwenye mkuki, mwizi aliyetembea kwa kunyata, na zimwi lililojikuna mgongo kwenye mlima. Mwanamke mmoja tu alikuwa hana uso. Huyo ndiye mchawi, na mchawi hapati uso mpaka apate jina.

"Weka mkono, shemeji," Masele alimwambia mdogo wa mkewe. "Kitaja kikutafutie."

Kitaja ndicho chombo kilichoifanya meza-nuru ipendwe Tabora nzima, kuanzia stesheni ya treni za sumaku hadi maghorofa ya Kanyenye. Majini na mazimwi ya mchezo ule yaliweza kuitwa lolote. Ukiliita jini Zubukuzu, nani atakuuliza? Lakini mchawi ni binadamu, na binadamu mwenye jina la kubuni alichekesha badala ya kutisha. Ndipo wahandisi wakatengeneza Kitaja. Mchezaji huweka kiganja kwenye kioo, chombo kinamtajia majina ya watu, moja baada ya jingine, huku kikipima mapigo ya moyo wake. Jina litakaloushtua moyo, hilo ndilo.

"Mihayo," kilisema Kitaja kwa upole. "Nyanzala. Kabula. Kalunde."

Shemeji akauondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Mwanamke wa nuru akapata uso mkali, akanyoosha fimbo, zimwi likaanguka chali. Vijana wakapiga kelele, halafu wakageuka wote. Kalunde mwenyewe, mama yake Masele, alikuwa amesimama mlangoni na kapu la ndizi.

"Endeleeni," alisema. "Au mnangoja niwageuze vyura?"

Masele akaizima meza.

Kalunde akatua kapu, akapitisha kidole dirishani, akakitazama, kisha akamwonyesha mkwewe vumbi. "Hivi nyumba hii haina mfagio, Sizya, au haina mwanamke?"

Sizya alikuwa ananyonyesha. Akambadilishia mtoto titi.

"Nimekuja kwa neno moja. Mtoto huyu anaitwa nani? Arobaini imepita, mwezi mwingine unakwisha, nasikia 'mtoto, mtoto', kama vile ni kifaranga."

Neno hilo moja ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Kwa akina Masele, binti wa kwanza hubeba jina la mama mzaa baba. Kalunde alizaa wana wanne, wote wa kiume, akangoja mjukuu wa kike mpaka nywele zikawa pamba. Sasa amepatikana, na jina halitoki.

"Mama, jina lako zuri," Sizya alisema akiangalia sakafu. "Ila huko mezani..."

"Mezani kuna nini? Usilimeze, litakukwama."

"Mezani ni jina la mchawi. Mji mzima sasa mchawi ni Kalunde. Atakwenda shule, wenzake watamkimbia. Juzi sokoni si walikuimbia wewe mwenyewe?"

Watoto walimwimbia kweli. Walimfuata tangu kwa muuza nyanya, wamekunja vidole kama pembe: "Kalunde, Kalunde, usile ini langu!" Ingekuwa ni kuchekwa na watoto tu, angevumilia. Lakini mwanamke mzima alimvuta mwanawe kando ili kivuli cha Kalunde kisimguse. Utotoni Kalunde aliwasikia wakubwa wakinong'ona habari za vikongwe waliochomewa nyumba kwa neno hilo moja. Hakudhani angelisikia likitajwa pamoja na jina lake, enzi hizi za treni zisizo na magurudumu.

"Kuna mtu kalipeleka jina langu huko," alisema. "Nitamjua. Nitalitoa. Na nikirudi, mtoto huyu ni Kalunde. Umesikia, Masele?"

"Nimesikia, mama."

Kampuni ya meza-nuru ilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la vioo. Mlangoni alisimama askari-chuma, mrefu kama mlingoti.

"Jina lako tafadhali?"

"Kalunde."

"Karibu, Kalunde!" alisema kwa furaha. "Leo utaroga nani?"

"Utaanza wewe," alijibu, akalipiga goti la chuma kwa mkoba, akapita.

Mhandisi aliyemwona alikuwa mwanamke kijana, Atuganile, nywele kazipunguza hadi kwenye ngozi. Alinyanyuka. "Shikamoo, bibi."

"Weka shikamoo yako mfukoni. Kitendawili!"

"Bibi, nina kazi nyingi."

"Mimi pia nilikuwa nazo. Kitendawili, nimesema!"

"Haya. Tega."

"Nilipewa bure, mwenyewe sikitumii, wengine wamekichakaza."

"Jina," alisema Atuganile bila kufikiri.

"Kumbe unajua. Basi nirudishie."

Atuganile akaketi, akakunja mikono. "Hatukukuibia. Majina hatutungi, tunayasikia. Kila meza ina sikio. Watu wanaitana majumbani, Kitaja kinasikiliza. Siku ya kununua meza mwenye nyumba alikubali, tena kwa kidole chake."

"Mna haya nyie? Kusikiliza watu vyumbani?"

"Mnatuomba mchawi wa kutisha, tunawapa. Nenda kamgombeze aliyenunua."

"Nakugombeza wewe. Majina ni elfu na elfu. Kwa nini langu?"

Mhandisi akasita kidogo. Lakini kazi yake alikuwa akiipenda, na mtu alikuwa amemuuliza habari zake. "Kitaja hakijui maana ya maneno. Kinajua pumzi. Jina la kawaida likitajwa, pumzi za watu haziyumbi. Jina linaloogopwa likitajwa, chumba kizima kinazishika. Tabora yote, hakuna jina lililoshika pumzi za watu kama lako, basi Kitaja kikalipeleka meza zote kwa mnong'ono uleule wa hofu, na mioyo ikashtuka. Tulidhani ni la mtu wa zamani, wa kwenye masimulizi."

"Mimi wa zamani?" Kalunde akapiga meza. "Ni yule jirani yangu, muuza mkaa wa umeme! Mwaka mzima ananinunia. Nisikilizishe. Nataka kumsikia kwa masikio yangu."

"Bibi, nenda nyumbani."

"Sibanduki."

"Usije ukanilaumu."

"Washa!"

Atuganile akagusa ukuta. Kwanza zikaja sauti za vijiko na kicheko cha mwanamke, kicheko kirefu cha mtu aliyetulia kwake. Kisha mlango wa nje ukalia, na kicheko kikakatika.

"Kalunde!" ilinong'ona sauti ya Sizya. "Kalunde huyo! Toa hicho kikombe. Funika mtoto, atasema nimemwacha wazi."

Ikafuata sauti ya mwanamume. "Usimjibu kitu. Kalunde akianza, mwache aseme mpaka achoke." Alikuwa Masele, mwanawe wa tumboni, akimtaja jina mama yake kama mtu anavyomtaja askari.

Halafu kimya. Halafu sauti ya tatu kutoka mlangoni, kavu, yenye haraka: "Hivi nyumba hii..."

Kalunde aliitambua. Akanyoosha mkono, na Atuganile akakata.

"Zipo nyingine," alisema mhandisi, sasa polepole. "Za siku nyingi. Zote nyumba hiyohiyo."

"Sijakuuliza." Kalunde alitafuta kiti, akaketi. "Lifute."

Mhandisi akalifuta. Mezani kote Tabora, mwanamke wa nuru akabaki tena bila uso.

"Huko nimemaliza," alisema Atuganile. "Ya nyumbani kwenu sina kifutio chake."

"Ungekuwa mwanangu ningekuzaba kofi."

"Najua, bibi."

Kalunde akatoka bila kuaga.

Kwa Masele alibisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ndani vitu vilisogezwa haraka haraka. Alipoingia, Masele alikuwa amesimama wima, Sizya amemkumbatia mtoto, na sakafu imepigwa deki mpaka inateleza.

"Mama, tumekubali," Masele alisema kabla hajaulizwa. "Ni Kalunde."

"Na wewe, mkwe?"

"Nami nimekubali, mama."

Alikuwa ameshinda. Alisimama katikati ya ushindi wake, akamtazama Sizya. "Mwite nisikie."

Sizya akainamia mtoto. "Kalunde," alisema. Na pumzi zao zote mbili zikasimama, yake na ya mumewe, wazi kabisa, kama Kalunde angezishika mkononi. Ilikuwaje miaka yote hiyo hakuwahi kuzisikia?

"Basi," alisema. "Hilo acheni. Nyie mnamwitaje nikiwa sipo?"

Masele akamtazama mkewe.

"Jibuni, jamani! Sili mtu!" Aliisikia sauti yake, akaishusha. "Mnamwitaje?"

"Wande," Sizya alisema. "Tangu wiki ya kwanza, mama. Tusamehe."

"Mwite."

Sizya akamsogeza mtoto shavuni. "Wande," alisema. "Wande wangu, mama."

Mtoto akageuza kichwa, akatabasamu kwa ufizi. Kalunde hakusogea. Katika nyumba ile, kwa miaka yote aliyoingia na kutoka, hakuwahi kusikia mtu akiitwa kwa sauti ile.