Ufa Katika Baiskeli ya Rasmane

Mikono miwili ilishika waya mmoja.

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, soko la Rood-Woko limefurika mpaka barabarani, na waya wenyewe ulikuwa wa breki ya baiskeli, wa mwisho katika kibanda cha muuza vipuri. Mkono wa kwanza ulikuwa mnene, umejaa makovu ya cheche. Huo ulikuwa wa Rasmane Ilboudo, mchomeleaji wa milango ya chuma kutoka mtaa wa Dapoya. Wa pili ulikuwa mwembamba, wenye kucha fupi na weusi uliogoma kutoka chini ya kucha hizo. Rasmane aliufuata kwa macho: bega, blauzi ya pamba iliyofumwa kwa mistari ya buluu na nyeupe, shingo ndefu, kisha uso uliokuwa ukimtazama bila haraka yoyote.

"Dada, baiskeli yako ni ya aina gani?"

"Sina baiskeli."

"Sasa waya wa nini?"

"Wa mkono," alisema yule dada. "Kuna mzee hana mkono wa kulia, namtengenezea mwingine. Waya huu ndio utakaofungua na kufunga vidole. Wewe wako wa nini?"

"Wa breki ya nyuma."

"Basi wewe simama kwa miguu."

Muuza vipuri alicheka mpaka akakaa. Rasmane alitaka kukasirika, lakini udadisi ulimshinda. Mkono unaoendeshwa kwa waya wa breki? Akamuuliza jina.

"Korotimi Toé."

Rasmane aliuachia waya, akapiga makofi. "Toé. Msamo. Kumbe muda wote huu nabishana na mtumwa wa babu yangu. Vichwa vya mbwa mwaka huu vinapatikana?"

"Nawe nani?"

"Ilboudo."

"Mmossi. Nilijua, harufu ya punda ilitangulia. Haya mtumwa, nilipie waya wangu."

Akalipa. Angefanya nini? Wamossi na Wasamo ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka: Mmossi humcheka Msamo kwa kula mbwa, Msamo humcheka Mmossi kwa punda wake. Mtani atakutukana, atachukua kofia yako kichwani, ataketi kwenye kiti chako msibani, nawe utacheka. Anayekasirika ndiye mwenye kosa.

"Chukua namba yangu ya simu," alisema Rasmane. "Mkono ule una waya wangu. Lazima nijue unaendeleaje."

Jioni hiyohiyo simu ililia.

"Mtumwa, mkono umeshika kikombe," alisema Korotimi bila salamu.

"Kikombe kizima?"

"Kizima, na chai ndani. Mzee amelia." Kisha sauti yake ikashuka. "Na wewe, breki yako inasimamisha nini?"

Hapo ndipo Rasmane alipoanza kueleza, akaeleza mpaka salio likaisha. Alikuwa anaunda baiskeli ya mbio ya kaboni. Fremu ilitoka China, nyeusi tii, haina hata jina ubavuni, na aliingoja miezi minane. Magurudumu yalikuwa mtumba wa Ulaya. Gia aliuziwa na mwendeshaji aliyestaafu. Katika klabu yake, wenye kaboni walikuwa wale wanaolipiwa na makampuni. Wengine wote walisukuma chuma. Baada ya wiki sita klabu ingefanya mbio za kuchagua kikosi cha kwanza, na Rasmane, mwenye miaka ishirini na saba, alijua kwamba nafasi hiyo haitamrudia.

Jumamosi iliyofuata Korotimi alikuja karakanani kwa Rasmane na pikipiki yake ndogo, sketi imekunjwa magotini, miwani ya vumbi imemfanya afanane na panzi. Alimpita Rasmane, akaenda moja kwa moja kwenye fremu iliyoning'inia kwenye kamba, akaanza kuigonga taratibu kwa sarafu huku ametega sikio.

"Unaipigia hodi?"

"Nyamaza. Nasikiliza." Akazunguka mabomba yote. "Nzima. Aliyeitengeneza hakuwa mwizi."

"Msamo ameijulia wapi kaboni?"

Alimwonyesha kucha zake. Weusi ule ulikuwa vumbi la kaboni. Katika karakana ya viungo bandia alikofanya kazi, miguu ya wagonjwa ilitengenezwa kwa kitambaa hichohicho. "Ni nyuzi tu, Rasmane. Nyuzi na gundi. Ufundi uko katika kujua nguvu itapita wapi, ulaze uzi njia hiyo. Chuma hukuonya, hujikunja kwanza. Kaboni hailalamiki. Siku ikichoka inaachia, basi."

Rasmane alimtazama mdomo wakati anasema. Alikuwa amependa vitu vingi maishani bila kuvielewa. Huyu alitaka kumwelewa.

"Na jua?" aliuliza. "Jua letu hili haliidhuru?"

Uso wa Korotimi ukawa mzito kama wa daktari. "Hukuambiwa? Inayeyuka. Saa sita mchana lazima uifunike kwa gunia bichi."

Kwa siku tatu mchomeleaji wa Dapoya alifunika baiskeli yake kwa gunia bichi na kulimwagia maji kila saa. Siku ya nne Korotimi alipita, akaona, akacheka mpaka akalazimika kushika ukuta.

"Ungeniambia," Rasmane alisema.

"Ningekosa kuona hii."

Waliendelea hivyo. Alfajiri Rasmane alikimbiza baiskeli barabara ya Loumbila, Korotimi ubavuni kwa pikipiki, saa mkononi, akimtupia maneno. "Sukuma, mpenzi wa punda. Yule mama mwenye kuni amekupita." Kwenye bwawa la huko walisimama kula maandazi ya kunde, na hapo maneno yalipungua. Siku moja Korotimi aliomba kuiendesha. Akapanda, akayumba, akanyooka, akapotea kwenye kona. Aliporudi macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Haina uzito," alisema. "Nilidhani nimesahau kitu."

"Hivyo ndivyo ninavyojisikia ukipiga simu," alisema Rasmane.

Korotimi alimrudishia baiskeli bila tusi. Ilikuwa mara ya kwanza.

Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, Rasmane alikaza kila bolti. Alikaza kama anavyokaza mlango wa benki, mpaka spana ikalia, kisha akaongeza robo. Korotimi alipofika alimkuta anafuta mikono. Akatoa sarafu, akagonga shina la uma, lile bomba linalopanda kutoka gurudumu la mbele mpaka kwenye usukani. Tik. Tik. Tik. Kisha, pale usukani ulipobanwa, sauti ikafa.

Aligonga tena. Rangi ya uso wake ikabadilika.

"Umeibana mno. Imepasuka ndani. Kesho usiipande."

Rasmane akacheka. "Na gunia bichi je, niifunike nalo?"

"Sitanii."

"Mtani yeyote husema hivyo."

"Rasmane, itakatika. Usukani utabaki mikononi mwako na wewe uko katikati ya watu hamsini."

"Hakuna ufa. Angalia mwenyewe, rangi haina hata mkwaruzo. Roho yangu, nenda kalale. Kesho nitakushindia."

Korotimi aliitafuta sauti ambayo mwanaume huyu angeiamini. Hakuwa nayo. Yote aliyowahi kumwambia alimwambia akicheka.

Saa kumi na mbili asubuhi waendeshaji hamsini na mbili walisimama mstarini, jezi zinawaka, mafuta ya kuchulia yananukia, ngoma zinapigwa. Zilibaki dakika nne. Korotimi alipenya katikati ya watu kwa gauni lilelile la jana, akapiga magoti mbele ya baiskeli ya Rasmane, akafungua kishikizo na kuchomoa gurudumu la mbele.

"Mtani wako nimelichukua," alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

Umati ulilipuka kwa kicheko. "Msamo amemkamata. Mmossi, endesha mguu mmoja." Hata mwamuzi alicheka. Nani angeingilia utani? Rasmane peke yake hakucheka.

"Rudisha."

"Sirudishi."

"Rudisha, nimesema. Utani una mwisho, na wewe hukufundishwa mwisho wake. Toka mbele yangu. Sitaki kukuona."

Vicheko vikakatika. Ngoma zikanyamaza moja moja. Korotimi aliinuka, akaning'iniza gurudumu begani, akaenda kwenye pikipiki bila kugeuka. Filimbi ikalia, kundi likaondoka, na Rasmane akabaki na baiskeli iliyoinamisha pua kwenye lami.

Alirudi nyumbani na nia moja tu: kumwonyesha kwamba amekosea. Aliuchomoa uma, akaubana kwenye jiliwa, akausukuma kwa kiganja kama anavyosukuma dirisha. Ulikatika kama muwa. Ndani, nyuzi nyeusi zilisimama kama nywele. Rasmane alikaa chini kwenye vumbi la chuma, akaishika shingo yake mwenyewe kwa mikono miwili.

Alipiga simu mara kumi na moja. Haikupokelewa. Jumatano akaenda kwenye karakana ya viungo bandia, kanzu safi, uma uliokatika mkononi. Benchi lilijaa wagonjwa wanaojaribu miguu mipya, na Korotimi alikuwa ameinama anapima goti la mzee mmoja. Rasmane akasema mbele ya wote:

"Korotimi, ulisema kweli nami nikakutukana. Nisamehe. Na ninataka kukuoa."

Mzee mwenye goti akauliza, "Wewe nani?"

"Ilboudo."

"Ah. Mmossi anataka binti wa Kisamo. Leta mbwa kumi tuzungumze." Benchi zima likaangua kicheko, na Rasmane akaona ilivyo: kusema kweli, na watu wakacheka.

Korotimi alimfuata nje. Hakuwa anacheka.

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Jumamosi nilikuwa hivyo. Niliona unakwenda kufa na sikuwa na neno la kukuzuia ila mzaha. Nikautumia. Na wewe ukaniambia hutaki kuniona."

"Nitafanya nini uniamini?"

"Mjomba wangu yuko Koudougou, mstaafu wa reli. Ndiye aliyenilea. Kamwambie yeye. Huyo hatakuamini hata kidogo."

"Nitakwenda Jumapili. Kwa baiskeli."

"Kwa uma upi?"

"Wa chuma, wa baiskeli yangu ya zamani."

"Ni mzito. Na nitaugonga kabla hujatoka."

"Gonga," alisema Rasmane. "Ukisema nisiende, siendi."

Jumapili alfajiri Korotimi alimletea gurudumu, akagonga kila mahali, akazishika bolti moja moja. "Nenda," alisema tu. Yeye akapanda basi.

Kilomita mia moja, upepo wa vumbi usoni, uma wa chuma unavuta kama mtoto aliyechoka kutembea. Rasmane alifika saa saba mchana, midomo imepasuka. Mjomba alikuwa barazani, kofia ya reli kichwani, na Korotimi kwenye kigoda pembeni. Rasmane alisalimu, akataja jina lake na nia yake.

Mjomba alicheka mpaka majirani wakaja. Walimwita mtumwa, mwizi wa punda, wakamtoza faini ya kuku wawili kwa kukasirika mstarini, maana habari ilikwisha kufika. Rasmane alikubali kuku. Alisimama palepale kwenye jua, jasho linakauka kuwa chumvi, akawangoja wamalize. Walipomaliza, akarudia maneno yaleyale, kwa sauti ileile.

Mjomba akafuta machozi ya kicheko, akamgeukia mpwa wake.

"Huyu anatania?"

"Hatanii, mjomba," alisema Korotimi.

Mzee alimtazama Rasmane upya, kuanzia viatu vyenye vumbi hadi midomo. Akaivua kofia, akaiweka gotini, na sauti iliyotoka ilikuwa nyingine kabisa, ya chini, ya mtu wa nyumbani.

"Ingiza baiskeli ndani, mwanangu. Umekula?"