Bomba la Madobi

Hebu fumba macho kidogo, utazame pamoja nami. Ni adhuhuri, jua liko utosini. Uani kwa madobi kamba zimejaa mashuka ya hospitali, na yote yamekauka hadi yanakwaruza ukiyagusa. Yote, ila moja. Lile la katikati, lililoanikwa tangu jana, bado linadondosha maji. Na pale chini, kwenye kivuli chake, ameketi mtoto wa kike aliyefumba mdomo, wala hasemi neno.

Shuka lisilokauka lilimshangaza dobi mmoja, mwanamke mjane. Lakini mtoto asiyesema ndiye aliyemtia baridi mwilini, kwa sababu alikuwa binti yake, na mtaa mzima ulimwita Chiriku. Mtoto huyu aliongea akila, aliongea akioga, aliongea hata usingizini. Marehemu baba yake alizoea kutania kwamba Chiriku alizaliwa akiongea, kilio akakikumbuka baadaye.

"Chiriku, mwanangu, una nini?"

Mtoto akamtazama. Kisha, bila kufungua mdomo, akavuma. Mmmmm. Sauti nzito, ya chini, kubwa kuliko kifua chake.

Dobi aliijua sauti ile. Yeye na wenzake ndio walioitengeneza.

Ngoja nikueleze ilivyotengenezwa. Nyuma ya ua ule kulikuwa na kiwanja kitupu, na kampuni moja ilitaka kujenga hapo jumba la mitambo ya kompyuta, jumba refu lisilo na madirisha, la kutunzia picha na habari za watu wa mbali. Mitambo ya namna hiyo hupata joto usiku na mchana, na haipoi bila maji. Mchoro ulipobandikwa ukutani, watu waliona mstari wa buluu ukitoka kwenye kisima chao na kuingia ndani ya jumba. Kisima kile ndicho kilichowanywesha na ndicho kilichowafulia. Hawakuwa na kingine. Walipeleka malalamiko, wakaambiwa wasubiri. Waliandamana, wakatawanywa. Walipokuwa bado wanasubiri, wakaja wapima ardhi na vigingi vyao.

Ndipo kaka yake dobi, fundi saa, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa, alipoingia uani akinong'ona.

"Jamani, hivi mkikamua mashuka, mbona huwa mnavuma kama nyuki?"

"Wewe naye! Utaimbaje na vibanio mdomoni?" akajibu dobi.

Ndivyo walivyofanya kazi pale. Vibanio vya nguo walivishika kwa meno, shuka wakalikamua wawili wawili, huyu akisokota huku na yule kule, na ili mikono iende pamoja walivuma, midomo imefumbwa.

"Basi vumeni kwenye bomba," fundi saa akasema.

Lilikuwa bomba kuukuu la chuma, la kutolea maji ya sabuni. Lilianzia uani, likapita chini ya ardhi, likatokeza katikati ya kiwanja, kwenye majani. Wapima ardhi walipokuja, madobi walipiga magoti kulizunguka, vibanio mdomoni, wakavuma. Kule kiwanjani ardhi ikanguruma. Mpima mmoja alitimua mbio hadi akaacha kiatu. Madobi walicheka wakaanguka juu ya mashuka safi, ikabidi wayafue upya.

"Mkiulizwa, semeni kiwanja kina jini," fundi saa akaagiza. "Kila mtu aseme yupo. Basi, hakuna zaidi."

Mtaa ukasema yupo. Kinyozi akamwongezea kwato, muuza mkaa akamwongezea macho. Ikawa kama mchezo.

Lakini siku moja, wapima walipokwisha kukimbia na madobi walipokwisha kunyamaza, bomba halikunyamaza. Wakubwa walidhani ni mwangwi tu, wakarudi kwenye mabeseni yao. Chiriku, ambaye hakuna neno aliloliacha bila jibu, aliinama, akaweka mdomo kwenye tundu, akajibu.

Tangu hapo hakusema tena.

Jioni ya siku ile ya shuka lisilokauka, chumba chao kilinuka kutu na sabuni iliyochacha. Kuta zilitoka jasho. Dobi alimpakata binti yake, akampelekea kijiko cha maziwa mdomoni, lakini meno yalikuwa yamebana. Akambembeleza, akamwimbia, mwisho akamshika kidevu na kumfungua kwa nguvu, na alipochungulia hakuona ulimi wala koo, aliona giza la mviringo linalokwenda mbali, mbali kuliko mwili wa mtoto unavyoweza kwenda, na kutoka mwisho wa giza lile, sauti ikiwa ndogo kama ya mtu aliye upande wa pili wa bomba refu, alimsikia Chiriku wake akiongea bila kupumua kama kawaida yake, akisema mama huku kuna maji, mama huku kuna mtu, mama yeye anasema mmemwita wenyewe, mama mbona huji.

Meno yakabana tena. Kijiko kikabaki ndani, kimepinda.

Mganga aliyeletwa alikuwa kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, hata dobi akamtilia shaka. Alifukiza ubani. Moshi ulimwendea mtoto, ukafika karibu na uso wake, ukapinda ukarudi. Mganga akajifuta jasho, akazungumza kwa sauti ya chini sana.

"Mama, majini wengine huwa nawauliza walikotoka, nikawarudisha. Huyu hana alikotoka. Mmemjenga ninyi. Kila anayesema yupo anamwekea tofali."

"Mtoe, kijana wangu. Nakuomba."

"Siwezi kubomoa nisichokijenga. Simama mbele ya wale mliowadanganya, useme hayupo. Wenzako nao waseme. Akikosa wa kumsema, atakosa pa kukaa."

"Halafu kampuni? Na kisima?"

Mganga alianza kukunja mkeka wake. "Hilo sina dawa yake, mama."

Mkutano uliitishwa na kampuni yenyewe, katika ukumbi wa shule. Mhandisi wao alikuwa amechoka, uso umekunjamana.

"Kila kibarua tunayemleta anakimbia," alisema. "Leo nataka mniambie macho kwa macho. Pale pana kitu, au mnatuchezea? Kama pana kitu, tunatafuta mahali pengine. Kama mnatuchezea, kesho tunaleta mashine na askari."

Dobi akasimama, Chiriku akiwa mgongoni, mzito kama furushi la mashuka yaliyolowa.

"Hayupo," alisema. "Hakuna jini. Ni sisi madobi, tulivuma kwenye bomba."

Mgongoni mzigo ukapungua. Akahisi kidevu cha mtoto kikitulia begani pake, pumzi ya joto ikamgusa sikio, na sauti ya kwikwi, nyembamba, sauti halisi ya Chiriku, ikasema, "Mama."

Dobi alianza kulia. Aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Amesema! Semeni nanyi, jamani. Semeni hayupo, mtoto arudi."

Kaka yake akasimama. Hakumtazama.

"Mhandisi, utuwie radhi," alisema fundi saa. "Huyu ni dada yangu. Mtoto wake anaumwa, na mwenyewe hajalala siku nyingi." Akanyoosha kidole kuelekea kiwanjani. "Yupo."

"Kaka!"

"Yupo," akasema kinyozi, akitazama viatu vyake.

"Yupo," akasema muuza mkaa.

Akasimama dobi mwenzake, yule aliyeshika naye ncha za mashuka miaka yote, uso umelowa machozi. "Shoga yangu, nina watoto na mimi. Nisamehe. Yupo."

Na baada ya hapo hawakusema tena mmoja mmoja, walisema wote, safu kwa safu, wazee na watoto, wengine wakilia na wengine wamefumba macho wasimwone, yupo, yupo, yupo, na kwa kila neno mzigo wa mgongoni uliongezeka hadi magoti ya dobi yakakunjika, na maji ya baridi yanayonuka kutu yakamtiririka shingoni, na vidole vya mtoto vikamkaza koo kama mikono miwili inayokamua shuka, na karibu kabisa na sikio lake, pale lilipotoka neno mama, kitu kikafumba mdomo na kuvuma kwa furaha.

Mhandisi alikuwa ameshafika mlangoni.

Kampuni ikaondoka. Vigingi vilipong'olewa, watu walishangilia, kisha wakamkumbuka mtoto, wakatawanyika. Kisima kimejaa mpaka leo. Majirani humtekea dobi maji bila kuombwa, wakayaacha mlangoni, wakaondoka haraka. Kaka yake alikuja siku moja akasimama nje.

"Dada, ningefanyaje? Kisima kikikauka tungekwenda wapi sote?"

"Ulisema yupo," dobi alijibu kutoka ndani. "Haya, ingia umwone."

Hakuingia.

Baadaye akapita mchuuzi wa vyombo, mgeni kabisa. Watu wakamwonyesha kiwanja na kumsimulia. Yule bwana akacheka, akasema, "Acheni hizo! Hakuna jini hapa." Na ndani ya chumba kinachonuka kutu, mtoto akafumbua macho, akasema "Mama," akatafuta mkono wa mama yake. Kisha mtaa ukamjibu mchuuzi kwa sauti moja, na macho yakafumbwa tena.

Kwa hiyo, mpenzi wangu, siku moja huenda ukapita mtaa ule. Watakupa maji, nayo ni matamu. Watakuonyesha kiwanja, na watakuuliza kama unaamini. Pengine utasikia kitu kikivuma chini ya nyayo zako, na mgongo utakupoa. Hata hivyo, nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Sema hayupo. Ukishindwa kulisema kwa nguvu, linong'one. Nyuma ya dirisha kuna mama anayesikiliza.