Folda ya Harusi

Jua lilikuwa linazama fundi wa kompyuta alipoingia studio ya picha, begi begani, akitaka kumaliza haraka awahi nyumbani kwa mkewe na binti yao mdogo.

"Folda moja tu," mpiga picha alisema bila hata kumkaribisha kiti. "Inachukua karne kufunguka. Mteja anazitaka picha kesho, na mimi sina muda wa hadithi."

Mwanamke huyo alikuwa mchungu kama shubiri. Fundi akainamia kompyuta, kazi ni kazi.

Akajaribu folda nyingine. Zikafunguka kufumba na kufumbua. Ile ya harusi ikazunguka, ikazunguka... Kwa kawaida programu hutengeneza vijipicha vya kuonyesha kilichomo mara moja tu, ikavihifadhi. Hapa ilikuwa inavitengeneza upya kila ikifunguliwa. Maana yake picha zenyewe zilikuwa zinabadilika. Akatazama zilibadilishwa lini.

Dakika hiyo hiyo.

"Nani mwingine anazihariri?"

"Hakuna."

Akafungua moja. Maharusi wanacheka, na mbali nyuma yao kasimama mama mmoja. Akaifunga, akaifungua tena.

Yule mama alikuwa amesogea mbele.

Chumba kikaanza kunuka nguo zilizovunda.

"Huyo ni mama mkwe," mpiga picha alinong'ona. "Bi harusi hakumtaka. Akaniambia nimfute kwenye picha zote, nikamfuta. Kesho yake tukasikia amefariki... Sasa anarudi. Picha moja baada ya nyingine."

Mtu mwenye akili zake angebeba begi akaondoka. Lakini fundi ni fundi. Akajiambia hiyo ni diski mbovu tu, akachomeka flashi, akaikopi folda kwenye laptopu yake aijaribu huko.

Ikafunguka papo hapo. Akajaribu kwenye kompyuta ya studio. Nako papo hapo, na maharusi walikuwa peke yao.

Mpiga picha akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Nilijua utakopi. Mafundi wote mnakopi. Haya, ondoka na mgeni wako."

Akamsukuma nje, akatia komeo.

Pale pale barazani fundi akafungua laptopu. Sasa folda ya picha za nyumbani kwake ndiyo iliyokuwa inazunguka... Ilipofunguka, akaona binti yake, picha baada ya picha. Mkewe hakuwemo hata katika moja. Mahali pake alikaa yule mama, mkono begani mwa mtoto.

Akapiga simu nyumbani. Binti akapokea.

"Mwanangu, nipe mama yako."

Akasikia mtoto akimnong'oneza mtu.

"Nipe mama. Haraka."

"Mama yupi, baba?" mtoto akauliza, bila wasiwasi wowote. "Mimi niko na bibi. Anauliza utafika saa ngapi."