Rejeta ya Bramwel

Soko la vipuri la Mwembe Tayari Jumamosi asubuhi si mahali pa mtu mnyonge. Huyu anaburura bampa, yule anagonga rimu kwa nyundo, wa tatu anaapa kwa jina la Mungu kwamba betri hii haijawahi kuguswa. Katikati ya rabsha hiyo alisimama Nekesa, sketi nyeusi ya ofisini na blauzi nyeupe, amekumbatia rejeta ya gari. Alikuja kuiuza na wala hakujua bei yake.

"Dada, unatoka damu," akaambiwa.

Akatazama. Kweli, ukingo wa rejeta ulikuwa umempasua kidole, na blauzi ilikwishaingia doa.

"Hainiumi," alisema, kana kwamba kidole ni cha jirani.

Aliyemwambia ni Kadenge, mtu wa Kaloleni, fundi wa mitambo bandarini, ovaroli ya buluu iliyopauka na kicheko cha upande mmoja wa mdomo. Alimfunga kidole kwa kitambaa chake, kisha akaikagua rejeta zaidi ya alivyomkagua mwenyewe, ama ndivyo alivyojifanya. Hii ni mpya, akamwambia. Anayeuza kitu kama hiki ama hana gari ama ana wazimu.

"Gari ni la ndugu yangu. Amekufa," Nekesa akajibu, kwa sauti ya mtu anayesema basi limepita.

Ndugu huyo, Bramwel, alikuwa fundi wa reli. Alipanga chumba juu ya bohari la Bi Nasiha huko Kibokoni, na ndani ya bohari hilo akawa anaunda gari kwa mikono yake: chesisi ya mabomba, injini ya teksi iliyostaafu, mlango mmoja tu. Alishajiandikisha kwa mashindano ya magari ya kujiundia, ya kukimbia kwa muda wa saa sita, kwenye uwanja wa zamani wa makontena kule Mbaraki, lakini homa ikamchukua kabla hajalimaliza gari. Baada ya mazishi Nekesa, karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, akahamia chumba kile, na tangu hapo hakulia hata mara moja. Chai haikuwa na ladha, jua halikuwa na joto. Watu walimsifu kuwa amejikaza, naye aliwaacha waamini hivyo.

"Usiuze," Kadenge akasema. "Tulimalize. Hata likifika la mwisho, jina lake litakuwa limefika."

Ndivyo mapenzi yalivyoanza, kwenye grisi. Rejeta ilikaa kwa Kadenge, alikopanga huko Tudor, siku chache akiinyoosha mashikio, kisha akaja akaifunga. Jioni walichomelea na kubishana, yeye akimwita "bosi" na Nekesa akimpa spana isiyokuwa yenyewe. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Nekesa alishuka na ndoo, akabadilisha maji ya rejeta, akapangusa vumbi kwenye mlango ulioandikwa BRAMWEL. Ndoo ile tu ndiyo iliyomtoa kitandani. Na kila usiku simu ililia, Kadenge akimjulia hali.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Sikumbuki."

"Basi kesho nakuletea mahamri, mpenzi. Ukiyasahau na hayo, nakushtaki kwa Bi Nasiha."

Nekesa alitabasamu, na tabasamu likaishia mdomoni. Alimpenda. Alijua kuwa anampenda, kama mtu ajuavyo kuwa leo ni Jumatano. Alingoja tu kulisikia penzi hilo mwilini, nalo halikuja.

Wiki moja kabla ya mashindano, rejeta ikaanza kuvuja. Walipoifungua, ndani ilikuwa imeliwa, imejaa kutu na unga mweupe.

"Hii si ya Bramwel," Nekesa akasema. "Ulichukua mpya, Kadenge. Umenirudishia nini?"

Kadenge aliinama. Alikinga tone la maji kwa kidole, akalionja. Akaitazama ndoo karibu na mlango, kisha akamtazama mwenye ndoo, muda mrefu.

"Nijibu."

"Fikiri upendavyo, Nekesa."

Akaweka spana chini na kuondoka. Hasira ni hasara, lakini Nekesa hata hiyo hasira hakuwa nayo. Alimwita Tony, aliyekuwa akifanya kazi na Bramwel relini, aizibe rejeta kwa gundi ya chuma na awe dereva wa pili. Usiku simu haikulia, na asubuhi akashuka na ndoo yake kama kawaida.

Siku ya mashindano, Mbaraki ilinuka mpira ulioungua. Nekesa alivaa ovaroli ya Bramwel, mikono ameikunja mara mbili. Bi Nasiha, aliyekuwa ameapa kutotia mguu kwenye wazimu ule, alifika na buibui lake, mwavuli na birika la kahawa. Gari lilianza vizuri, likapitwa, likapitwa tena, likaendelea. Mashindano yalipovuka nusu, Tony akaliingiza kando likitoa mvuke mweupe. Nekesa alishika kifuniko cha rejeta kwa mkono mtupu na maji ya moto yakamrukia kiganjani. Hata mkono hakuuvuta. Alilifuata debe la maji aliloleta kutoka nyumbani, lakini Bi Nasiha akalizuia.

"Maji haya umeyateka wapi, mwanangu?"

Akamwambia ni ya mferejini kwake, yale yale anayotia kila siku.

"Mferejini kwangu mwatoka maji ya kisima. Yana munyu hayo. Twaogea na kuoshea sakafu, na hata sabuni haitoi povu. Wayatiaje kwenye chuma?"

Hilo kila mtoto wa Kibokoni analijua. Ni mgeni wa bara tu, kama Nekesa aliyetoka Bungoma, awezaye kuufungulia mfereji na kuuamini. Nekesa akachovya kidole, akaonja. Chumvi. Miezi yote ile alipigia maji hayo mswaki, na ulimi wake haukumwambia kitu. Kikulacho ki nguoni mwako. Akakumbuka kidole cha Kadenge na lile tone aliloonja, akatoa simu, akampigia.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua siku ile."

"Na ukaniacha nikuite mwizi."

"Ningesema nini? Ndoo ile ndiyo iliyokuwa ikikuamsha. Nikwambie ndiyo iliyoiua rejeta ya ndugu yako?"

Nekesa akauliza, "Uko wapi?"

"Hapa langoni. Nina rejeta kuukuu na madebe mawili ya maji matamu. Ulikuwa hujaniita."

Kadenge na Tony walifunga rejeta ile huku magari mengine yakizidi kukamilisha mizunguko, na Nekesa akapanda kwa zamu ya mwisho. Alimaliza wa mwisho, nyuma ya wote, na mtu wa bendera alikuwa ameshaanza kuikunja. Akaikunjua tena kwa ajili ya mlango ulioandikwa BRAMWEL.

Kadenge alimvua helmeti, kisha akamfungua kiganja. Kilikuwa kimevimba, malengelenge yamepasukia usukani.

"Yauma?"

Nekesa alikitazama kiganja kama aliyerudishiwa kitu chake.

"Inauma," akasema. "Kadenge, inauma sana."

Hapo ndipo alipomlilia Bramwel, kwa sauti, mbele ya watu, kifuani pa ovaroli iliyopauka. Bi Nasiha akawafunulia mwavuli ili wasitazamwe. Kadenge alingoja kilio kipungue, ndipo akaanza kuufunga mkono kwa kitambaa.

"Mkono ukipona," akasema, "nitakwenda Bungoma kuwaona wazee wako."

"Nenda kabla haujapona."