Basi Lisilo na Magurudumu

Mke wa Dereva alikuwa akianika nguo aliposikia gari likiingia uani kwa kujikokota.

"Limeishiwa nguvu," Dereva alisema. "Taa ya injini inawaka. Na kesho ni siku ya mama."

Figo za mama yake hazifanyi kazi. Lazima apelekwe hospitali kusafishwa damu, na siku yake haiahirishwi. Akikosa, mwili unavimba na pumzi inakuwa shida.

Mkewe alitua beseni. "Basi gari litapona leo."

Dereva alikuwa na kisanduku cha kuunganisha gari na kompyuta ili kujua ugonjwa wake. Alikitoa kabatini, akasoma karatasi yake: Kifaa cha mawasiliano ya basi la gari.

"Kumbe ni cha basi," alisema. "Mabasi makubwa hutumia betri mbili, volti ishirini na nne. Nitaunganisha mbili."

"Gari letu si basi, Baba Pacha."

"Imeandikwa basi. Unabishana na karatasi?"

Mkewe hakubishana na karatasi. Dereva aliunganisha betri mbili. Kisanduku kilitoa mlio mdogo, kikanyamaza. Harufu ya kuungua ilimfikia mama yake aliyeketi mlangoni.

"Mwanangu, umekiua?" aliuliza.

"Kimesinzia tu, mama."

"Na mimi kesho nitasinzia hapa?"

Dereva alikitikisa kisanduku, hakikuwaka. Aliogopa, na uso wake ulionyesha. Mkewe alifunga kanga vizuri akaenda kwa jirani yao, mama mmoja fundi wa umeme wa magari.

Fundi alikuja na kompyuta yake, akafungua kisanduku, akatoa fyuzi iliyoungua.

"Ishukuruni hii," alisema. "Imekufa yenyewe ili kisanduku kipone. Nani alitia betri mbili?"

Dereva alijikuna kichwa. "Imeandikwa basi, dada."

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. "Basi hili halina magurudumu, kaka. Ni nyaya mbili ndani ya gari. Abiria wake ni ujumbe. Injini ikitaka kusema na breki, ujumbe unapanda nyaya hizo. Kisanduku nacho kinapanda hapo kusikiliza."

"Na umeme wake?" mke aliuliza.

"Geuza usome chini."

Mke aligeuza, akasoma polepole. "Volti kumi na mbili. Kama betri ya gari letu."

"Basi ni hiyo moja inayokitosha."

Fundi alitia fyuzi mpya ya kiwango kile kile. Mara hii mke ndiye aliyeshika bisibisi. Dereva alipewa kazi ya kushika tochi, akaikubali.

"Zima gari, toa ufunguo," fundi alisema. "Anza na waya mweusi, uende kwenye hasi. Sasa hizi mbili zilizosokotwa ndizo basi lenyewe. Ulioandikwa Juu uende kwenye tundu la Juu, wa Chini kwenye tundu la Chini."

"Nizinyooshe?"

"Hapana. Msokoto unazuia kelele za umeme wa injini. Uache hivyo. Mwekundu uwe wa mwisho, uende kwenye chanya kupitia fyuzi."

Mke alikaza kila skrubu, akavuta kila waya kidogo kuona kama umeshika. Kisha akarudisha ufunguo, akawasha swichi ya gari. Taa ya kijani ikawaka kwenye kisanduku. Kompyuta ya fundi, iliyounganishwa na kisanduku, ikaandika: kihisi cha pedali ya mafuta hakisikiki.

Dereva aliinama chini ya usukani. Plagi ya kihisi hicho, kinachoiambia injini mguu umekanyaga kiasi gani, ilikuwa imelegea. Aliisukuma mpaka ikalia. Fundi akafuta kosa kwenye kompyuta, Dereva akawasha injini. Ilinguruma vizuri, na taa ya injini ikazimika. Dereva alikaa kwenye usukani, macho yamemlowa.

Asubuhi mama yake alipanda mbele, akaweka mkoba mapajani. Alitazama dashibodi, kisha mwanawe.

"Hilo basi lako linasemaje leo?"

"Limenyamaza, mama. Halina malalamiko."

"Basi, twende."