Boriti Mbichi za Omollo

Lodwar hata jasho hukauka kabla halijafika kidevuni. Ndiyo maana Eugénie aliposikia harufu ya unyevu ikishuka kutoka darini, wa kwanza kumshuku alikuwa mumewe. Omollo alikuwa seremala, na mafundi, Mungu awasamehe, hulipua kazi hata kwenye nyumba wanazolala wenyewe.

"Baba Shalom, minasikia harufu ya mayi kule juu."

"Maji ya wapi? Mvua umeiona?" Omollo alijibu huku akimega ugali. "Hao ni popo."

Hawakuwa popo. Nyumba ilikuwa kuukuu, ya mawe, waliyoipanga kwa mzee Lochakapong mwaka wa 2012 walipotoka Kakuma. Huko, kwenye kambi ya wakimbizi, ndiko Omollo, akitengeneza madawati ya shule, alikompata huyu Mkongomani wake. Kenchi za paa zilikuwa zimeliwa na mchwa, akabadilisha boriti mbili kabla hawajahamia. Sasa alipopanda na tochi, alizikuta hizo mbili mpya zimeota ukungu mweupe wenye ukijani, mnene kama manyoya ya kondoo. Zile kuukuu zilikuwa kavu kabisa.

Alikwangua kwa brashi ya waya, akapiga msasa, akafuta kwa siki, akapaka oili chafu. Akafungua na bati moja ili hewa ipite. Kesho yake ukungu ulikuwa umerudi, tena juu ya oili.

Hayo yote Eugénie angeyavumilia, lakini Shalom, binti yao wa miaka miwili, alianza kukohoa. Hospitalini walimpa dawa ya maji wakasema ni vumbi. Mtoto akazidi kukonda, na mama yake aliogopa hasa, kwa sababu alishamzika mmoja kule Kakuma na alijua kikohozi cha namna hiyo huishia wapi.

Basi akaanza kuwapeleleza watu. Alimshuku Lochakapong: huenda mzee anaitaka nyumba yake na haya ni madawa ya kuwafukuza. Mzee aliposimama mlangoni na kusalimu kwa Kiturkana, "Ejok," aliitikia huku akimtazama mikono. Lakini aliyemtia shaka zaidi ni yule aliyelala naye. Kila alipoulizwa boriti zilitoka wapi, Omollo alijibu "Kitale," kisha akatafuta msumari wa kupigilia.

"Mbao ya Kitale inakujaga na maganda yake?" Eugénie alimwuliza siku moja. "Juu ya nini unanidanganya?"

Omollo akachukua msumeno akatoka.

Adhuhuri hiyo jua lilikuwa la utosi, na hata magari ya kampeni ya 2013 yalikuwa yamenyamaza. Eugénie alimlaza mtoto mkekani, akaegemeza ngazi, akapanda mwenyewe. Dari lilikuwa tanuri, ila boriti, alipoigusa, ilikuwa na baridi ya mtungi. Akasogeza uso, na ndipo akasikia, karibu kabisa na sikio lake, mbuzi wakitafuna, si nje bali humo humo darini, meno mengi madogo yakivunja maganda makavu, na nyuma yao ufito mrefu ukigonga matawi, ko, ko, ko, kama mtu anayeangusha matunda, na kila ulipogonga kitu kilianguka na kuviringika hadi miguuni pake ingawa tochi haikumwonyesha chochote, na harufu ya mto uliojaa ikapanda ikamziba pua, halafu sauti ya bibi kizee, ya taratibu, sauti ya mtu asiye na haraka kwa kuwa yuko kwake, ikaita kwa Kiturkana, na huko chini Shalom, ambaye kwa wiki nzima hakuwa na nguvu hata ya kulia, akaitika.

Alishuka akikaribia kuanguka, akamkumbatia mtoto, akakimbia naye hadi kwa Lochakapong.

Jioni mzee alipanda darini, akanusa, akachubua gamba kwa ukucha. Aliposhuka alinong'ona.

"Omollo. Hii ewoi, hii mgunga, ulikata wapi?"

Fundi akatazama sakafu. "Turkwel. Lori la mbao lilichelewa. Mti ulikuwa kando ya mto, hauna uzio, hauna alama. Ni wa Mungu."

"Hapana. Kwa mto kila mti iko na wenyewe. Tunaita ekwar. Wakati ya jua mbuzi inakula matunda yake, inatoa maziwa, mtoto inakunywa." Akashusha sauti zaidi. "Hii ilikuwa ya mama moja mzee. Alikufa mwaka ya ukame. Sasa ni ekipe. Nyinyi mnaita jini."

Eugénie alimtazama mumewe kwa chuki asiyojua kuwa anayo. "Utarudisha," alisema. "Kesho."

Asubuhi boriti zilikokotwa kwa mkokoteni hadi mtoni, pamoja na beberu la mbuzi. Binti wa marehemu, mwanamke mwembamba wa makamo, aliwapokea kwenye kisiki bila salamu. Mbuzi akachinjwa, tumbo likapasuliwa, na mwanamke akachota majani mabichi ya tumboni, kama desturi inavyotaka kosa lioshwe. Akampaka Omollo kifuani. Akampaka Eugénie, naye akaamini yamekwisha.

Akamsogeza Shalom mbele. Mkono wa mwanamke ukasimama hewani, kisha ukarudi.

"Mti ilipokatwa, mbuzi yangu ikakosa chakula," alisema bila hasira. "Maziwa ikaisha. Mtoto yangu ya mwisho ikakufa. Mama yangu alikuwa anapenda huyo mtoto sana."

"Tafadhali, mama. Umpake na yeye."

"Huyu amepakwa tayari na mama yangu."

Eugénie akafungua vifungo vya gauni la Shalom. Kifuani pa mtoto ukungu ulikuwa umeota vidole vinne na gumba, kiganja kizima cha mtu mzima. Alifuta kwa kitenge. Alifuta mpaka Shalom akalia, na ukungu haukutoka. Yule mwanamke aliinama akaanza kugawa nyama, akauliza, kwa upole kabisa, mtoto anaitwa nani.