Sekunde Mbili za Jenerali

Ta. Kimya. Ta, ta. Kimya tena, kirefu hata ukadhani aliyekuwa akichapa amesinzia. Halafu: ta.

Jenerali alikuwa bado ukumbini, mkono haujagusa kitasa, lakini alishajua ni nani yumo ndani ya chumba cha kompyuta. Vidole vya mapacha vilinyesha kama mvua juu ya bati. Vya mwalimu viligonga kwa nguvu, kama mtu anayepigilia misumari. Kudonoadonoa namna hii kulikuwa kwa mtu mmoja tu shule nzima.

"Kinyonga!" aliita akisukuma mlango. "Usiniambie bado uko kwenye tovuti ile ile ya jana."

"Salamu kwanza, Jenerali," alijibu Kinyonga bila kugeuza kichwa. "Leo nimemaliza saba."

"Saba! Mimi nimeshamaliza zangu zote sitini!"

Mapacha waliokuwa wakichora jalada pembeni wakaangua kicheko. Kinyonga akaandika namba kwenye jedwali, akaitazama, akaitazama tena, ndipo akaendelea.

Kila mwaka klabu yao ya kompyuta iliandika Ripoti ya Tovuti. Walichunguza tovuti mia moja na ishirini za mji wao, ya zahanati, ya maktaba, mpaka ya duka la vioo, kisha wakaeleza zimetengenezwaje: ngapi zimeandikwa msimbo wake, yaani maagizo kwa kompyuta, mstari kwa mstari, ngapi zimeunganishwa kwa vipande vya msimbo vilivyo tayari, zinafunguka kwa sekunde ngapi, na nini kimebadilika tangu mwaka uliopita. Watengeneza tovuti wa mji waliisoma ripoti hiyo ili wajue wapi wamefanya vizuri na wapi wajirekebishe. Na yote hayo yaliandikwa na watu wa kujitolea. Walikuwepo wanafunzi, mwalimu wa kompyuta, fundi simu wa mtaa wa pili, na shangazi yake Jenerali, ambaye kuandika programu ndiyo kazi yake ya kila siku. Yeye ndiye aliyekuwa mhariri. Hakuna aliyelipwa hata peremende.

Mratibu wa mwaka huu alikuwa Jenerali. Msichana wa miaka kumi na mitatu, sauti kama kengele, daftari la orodha kwapani. Ndiye aliyegawa sura na kupanga tarehe, na watu wazima nao hawakusalimika. "Shikamoo fundi. Sura yako iko wapi?" angeuliza kwenye simu, na fundi simu, mtu mzima mwenye mvi zake, angejikuta anajitetea kama mtoto aliyechelewa shule. Ndipo fundi alipombandika jina la Jenerali. Lakini haki yake tumpe: mwaka ule kazi ilikwenda mbio.

Sura ya kasi aliichukua mwenyewe pamoja na Kinyonga, kila mmoja tovuti sitini. Jenerali alikuwa mtu wa utaratibu. Aliifungua tovuti mara ya kwanza kuhakikisha anwani ni sahihi, akaifunga, akaifungua tena huku akibonyeza saa ya kupimia. Tovuti zikafunguka chap chap. Alasiri mbili tu, akawa amemaliza.

Kinyonga alimaliza Jumatano jioni, siku moja kabla ya ripoti kupelekwa kwa mpiga chapa. Aliacha jedwali lake likiwa wazi, akaenda zake nyumbani. Jenerali akalitazama, macho yakamtoka. Yeye alipata sekunde mbili karibu kila mahali. Kinyonga alipata nane, kumi, kumi na moja!

"Haiwezekani," alisema. "Huyu anabonyeza saa kwa mwendo wake mwenyewe."

Mapacha wakacheka mpaka mmoja akaangusha penseli.

Jedwali la Kinyonga lilikuwa pana, safu ya mwisho inatokeza nje ya kioo. Jenerali aliificha safu hiyo ili lionekane vizuri. Kisha akafuta namba zote sitini, akazipima upya kwa utaratibu wake, akajaza mbili, mbili, tatu, mbili. Mwisho akaandika kwa fahari: "Mwaka jana tovuti za mji wetu zilihitaji sekunde sita kufunguka. Mwaka huu zinahitaji mbili tu. Hongera watengeneza tovuti!" Shangazi yake, aliyekuwa amebanwa na kazi, alimuuliza kwa simu kama Kinyonga ameipitia sura hiyo. "Iko tayari, shangazi," alijibu, akakwepa swali. Asubuhi akaipeleka ripoti kwa mpiga chapa.

Wakati wa mapumziko Kinyonga alimkuta kwenye ngazi za darasa.

"Nimefungua sura yetu. Namba zangu ziko wapi?"

"Nimezirekebisha."

"Bila kuniuliza?"

"Muda, Kinyonga! Tungekungoja wewe, tungeota mvi kama fundi."

Wenzao waliokuwa karibu walicheka. Kinyonga hakucheka. Alisimama kidogo kama anayehesabu kitu kichwani. "Basi ondoa na jina langu," alisema, akashuka ngazi, taratibu kama kawaida yake.

Jenerali aliinua mabega. Lakini somo la hesabu lililofuata halikumwingia.

Aliporudi nyumbani mchana alimkuta mama yake ameketi jikoni, simu mkononi, anapuliza pumzi.

"Nataka kujua daktari wa meno yupo siku gani," mama alisema. "Hii tovuti ya zahanati inazunguka tu. Inazunguka, inazunguka, mpaka mimi ndiye napata kizunguzungu."

"Mama, hiyo inafunguka kwa sekunde mbili. Tumeipima."

"Basi sekunde zenu ndefu, mwanangu. Hizi zangu nimeshamenya vitunguu viwili."

Ukurasa ukatokea. Jenerali akaichukua simu, akaufunga, akaufungua tena ili amwonyeshe. Paa! Mara hii ulifunguka papo hapo.

"Umeona, mama?" alisema, kisha mdomo ukabaki wazi.

Mara ya kwanza ulichelewa. Mara ya pili uliruka. Akajaribu tovuti ya maktaba, ambayo simu ya mama haikuwahi kuifungua: akahesabu mpaka tisa. Akaifunga, akaifungua: mbili. Simu ilikuwa imezihifadhi picha zote tangu mara ya kwanza, kwa hiyo mara ya pili haikuwa na kazi ya kuzivuta upya. Kompyuta ya shuleni hufanya vivyo hivyo. Na yeye, kwa utaratibu wake mzuri, tovuti zote mia na ishirini alizipima mara ya pili.

"Una nini? Umekuwa kama umeona jini," mama alisema.

"Nimejiona mwenyewe," alijibu Jenerali, akatoka mbio.

Shangazi alikuwa kazini, kwenye chumba chenye vioo viwili vya kompyuta na feni inayolia. Jenerali alisema yote bila kuvuta pumzi: mara ya pili, namba zilizofutwa, vicheko vya ngazini, swali alilolikwepa. Alidhani shangazi atapaza sauti. Hakupaza. Alichukua simu, akampigia mpiga chapa.

"Umeshaanza kuchapa ile ripoti yetu? Hujaanza? Tafadhali iweke kando mpaka Jumatatu." Akaikata, akamgeukia. "Sasa niambie, kabla ya kuja hapa umemwambia nani?"

"Hakuna. Nimekuja kwako kwanza."

"Umebisha hodi mlango usio sahihi. Namba zilizofutwa si zangu."

Jenerali akainamisha kichwa. "Shangazi, hatazungumza na mimi."

"Huenda. Nenda hivyo hivyo."

Kinyonga alikuwa uani kwao, anafua sare ya shule kwenye beseni. Alimwona mgeni wake, akaendelea kusugua kola.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Jenerali. "Namba zako zilikuwa sahihi. Zangu ndizo mbovu. Nimezifuta zote za kwako na sasa sina hata moja."

"Mimi ninazo. Niliziandika kwenye daftari pia."

"Zote sitini?"

"Wewe una haraka. Mtu akifanya kazi na mwenye haraka, anaweka nakala." Kinyonga alikamua sare kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Nilikuandikia kwenye safu ya mwisho: kila tovuti niliipima mara tatu, na kila mara nilifuta kwanza picha zilizohifadhiwa. Hukusoma?"

Jenerali alihisi masikio yanawaka moto. "Niliificha hiyo safu. Ilikuwa inaharibu sura ya jedwali."

Kinyonga alimkodolea macho, povu linamdondoka viganjani. "Uliificha kwa sababu haipendezi?"

"Ndiyo."

"Jenerali, wewe ni kiroja." Pembe za midomo yake zilicheza kidogo, lakini alizikaza. "Kuniambia hapa uani ni rahisi. Kicheko kilikuwa mbele za watu."

"Najua. Nitasema mbele za watu."

Akasema. Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mapaa, aliwapigia simu wote waliojitolea, mmoja baada ya mwingine, akawaeleza kosa ni la nani na aliyekuwa sahihi ni nani. Kwa fundi simu ndiko kulikomchoma zaidi.

"Kumbe Jenerali naye hukosea!" fundi alisema. "Ngoja niandike tarehe." Kisha akacheka kwa upole. "Jumamosi nakuja na simu kumi za zamani nilizozitengeneza. Tupime na kwenye simu za watu wa kawaida."

Jumamosi chumba cha kompyuta kilijaa. Wote walikuja, hata mwalimu, ambaye kwa kawaida siku hiyo hufua. Mara hii Jenerali hakutoa amri. Kinyonga alisimama mbele, akaeleza kwa sauti yake ndogo: futa kwanza picha zilizohifadhiwa, fungua, pima, andika, halafu rudia yote, tangu kufuta, mara ya pili na ya tatu.

"Na safu ya maelezo?" pacha mmoja aliuliza kwa uchokozi.

"Isifichwe!" chumba kizima kiliitika, na Jenerali akacheka nao, maana ukweli ni ukweli.

Ilipofika alasiri wastani ulikuwa sekunde tisa. Tovuti za mji hazikuongeza kasi hata kidogo. Zilizidi kuwa nzito. Mwalimu aliipata sababu kwenye sura yake mwenyewe: watengeneza tovuti wengi mwaka huu waliacha kuandika msimbo wao, wakawa wanabandika vipande vilivyo tayari, kimoja juu ya kingine, na kila ukurasa ukabeba mzigo wa vitu usivyovitumia. Sasa sura mbili zilishikana mikono. Sentensi ya hongera ilifutwa. Mahali pake Kinyonga aliandika, herufi kwa herufi, jinsi walivyopima, kosa lililotokea mwanzoni, na ushauri kwa watengeneza tovuti: punguzeni mizigo.

"Kosa letu tuliandike kweli?" mapacha waliuliza.

"Tuliandike," alisema Jenerali. "Na aliyekosea aandikwe: mratibu."

Shangazi alisoma sura nzima akiwa amesimama. Alipomaliza alivua miwani, akawaita wote wasogee.

"Sikilizeni, wanangu. Ripoti hii haina kiwanda wala mshahara. Ina watu waliotoa saa zao kwa hiari, na ina wasomaji wanaotuamini. Ukifuta kazi ya mtu bila kumuuliza, umempoteza mtu. Ukiandika usichohakikisha, umempoteza msomaji. Haraka ni nzuri kwenye kupanga. Kwenye ukweli, nenda kwa mwendo wa yule anayehakikisha. Na ukikosea, sema mapema, umwambie uliyemkosea kabla ya wengine wote. Mwenzenu kasema mapema, ndiyo maana leo tuna ripoti ya kweli na wote tupo hapa."

Alitoka kwenda kwa mpiga chapa, wengine wakaanza kukusanya simu za fundi. Jenerali alimsogelea Kinyonga aliyekuwa akizima kompyuta ya mwisho.

"Jina lako sikuliondoa, nimelipandisha juu. La kwanza, kabla ya langu."

"Nimeona."

"Mwaka ujao utakuja?"

Kinyonga alimpima kwa macho, polepole. "Inategemea mratibu."

Jenerali aliweka daftari mezani, akasema kwa sauti ambayo kila mtu chumbani aliisikia: "Nakuahidi, Kinyonga, mbele ya hawa wote. Sitagusa namba ya mtu yeyote kabla sijakaa naye kitako, nikasoma alichoandika mpaka safu ya mwisho, hata kama itanibidi ningoje mpaka niote mvi."